Aliyekivukuta Kinanda

Santuri ya kwanza kupasuka haikuangushwa na mtu. Shaibu alinawa mikono, akaifuta kwa kitambaa cha flaneli kama ilivyokuwa desturi yake ya kila Jumapili asubuhi, akaingiza vidole ndani ya jalada, na santuri ikatoka vipande viwili, imekatika katikati kama muhogo mkavu. Akavitazama. Akaviunganisha, akaviachanisha tena. Kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Somoe," akasema taratibu, "ulikuwa na ugomvi gani na huyu?"

Hakusema "na hii." Alisema "na huyu." Santuri ile ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Kongo mwenye sauti nzito, na Shaibu alizoea kumtaja kama mtu anayekaa nao nyumba moja.

"Sijaigusa," Somoe akajibu.

"Basi imejivunja yenyewe?"

"Waulize wenzake waliolala naye kwenye sanduku."

Jibu hilo ndilo lililomponza. Shaibu hakugomba. Alivifunga vile vipande katika gazeti kama anayevisha maiti sanda, na tangu siku ile akawa anafunga sanduku la santuri kwa kufuli. Somoe akaumia, tena akaumia mara mbili, kwa sababu hakuivunja, na kwa sababu alikuwa ametamani sana kuivunja.

Pale Magomeni, Mtwara mjini, hapakuwa na mtu asiyemjua Shaibu karani wa ghala la korosho bandarini. Wenzake walijivunia baiskeli, yeye alijivunia santuri. Alikuwa nazo za rumba, za wapiga gita wa Kyuba, za taarabu ya Unguja, na zote alizisimamisha wima ili zisipinde. Gramafoni yake ilitumia betri, na miezi ambayo betri hazikuonekana kwenye duka la ushirika alizianika zile kuukuu juani, akizigeuza kama mtu anayekausha dagaa. Alipokuwa akisikiliza hakusemeshwa. Ukimsemesha katikati ya wimbo alikuinulia kidole, hata shingo hakugeuza, na kidole kile Somoe alikichukia kuliko kofi.

Bendi ilipokuja kutoka Dar es Salaam, Shaibu alifika ukumbini mapema ili awakute wanamuziki wakitega vyombo vyao. Alikaa kando ya kipaza sauti, mahali ambapo wengine walipakimbia, akafumba macho, na hakucheza hata wimbo mmoja. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Somoe alifuatana naye. Alivaa kanga mpya, akatia hina, akakaa pembeni yake mpaka bendi ikafunga vyombo. Njiani kurudi, Shaibu alimweleza habari za gita la besi. Hina hakuiona.

Mwezi ule santuri zilipoanza kupasuka, nyumba ilikuwa imepata mgeni. Shaibu alikuwa ameomba na kuletewa kinanda kutoka Mikindani, kinanda cha zamani cha taarabu, chenye vibao vyeupe vilivyogeuka rangi kama meno ya mzee, na mvukuto nyuma yake. Mpigaji huuvuta mvukuto kwa mkono mmoja na kubonyeza vibao kwa mkono wa pili, maana bila upepo kinanda hakitoi sauti. Kilikuwa cha marehemu mzee Abdulrahmani, aliyewahi kuongoza chama cha taarabu huko Mikindani. Mjane wake, Bi Zuhura, alikitoa bure. Hakutoka hata nje kukiaga. Alisema tu kwa ndani, nyuma ya pazia, "Kichukueni. Msikirudishe."

Wiki chache hazikupita, santuri nyingine zikapasuka, ndani ya sanduku, na kufuli likiwa mahali pake. Somoe ndiye aliyegundua jambo ambalo mumewe hakutaka kuliona.

"Mbona wanaume hawapasuki?" akamuuliza.

"Nini?"

"Tazama. Kila iliyovunjika ni ya mwanamke. Waimbaji wanaume wote wazima."

Shaibu akatazama sanduku, akamtazama mkewe, na Somoe akaona wazi kwamba maneno yale yamezidi kumtia hatiani.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya asumini, na chini yake kitu kingine, kama matope ya mikoko maji yanapokupwa. Aliisikia kwenye kola za mashati ya mumewe alipofua. Aliisikia kwenye mto wa kitanda. Asumini ni ua la mwanamke, na hakuna mwanamke anayehitaji kuelezwa maana yake likinuka kwenye shati la mumewe. Somoe akaenda kwa jirani yake Helena, Mmakonde kutoka Newala aliyekuwa na ulimi mkali na moyo laini, akalia mbele yake huku Helena akimenya mihogo.

"Ana mtu," Somoe akasema.

"Saa ngapi?" Helena akauliza. "Asubuhi yuko ghalani. Jioni yuko na masanduku yake. Mwanamke huyo anamwona saa ngapi?"

"Mchana. Siku hizi anarudi mchana. Anajifungia chumba cha mbele, eti anajifunza kinanda."

"Basi mchana kachungulie."

Jua la saa saba la Mtwara hufukuza hata kuku. Mtaa wote ulikuwa umelala, milango imerudishwa, hakuna sauti ila ya kinanda, na Somoe akazunguka nyumba kwa nje, miguu peku juu ya mchanga wa moto, mpaka dirisha la mbele ambalo ubao wake mmoja ulikuwa na ufa. Akaweka jicho.

Mumewe alikuwa peke yake. Alikaa juu ya kigoda, shati amevua, uso ameuinua, na Somoe akashusha pumzi kwa kuwa hakumwona mwanamke yeyote, akawa karibu kujicheka, karibu kuondoka, ndipo macho yake yaliposhuka kwenye mikono ya Shaibu na kuona kwamba yote miwili, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa juu ya vibao, vidole kumi vikikimbia kwa wepesi ambao Shaibu hakuwahi kuwa nao, na kule nyuma ya kinanda mvukuto ulikuwa ukifunguka na kujifunga, ukifunguka na kujifunga, polepole, kwa adabu, kama kifua cha mtu anayelala, na juu ya ngozi kavu ya mvukuto palikuwa na alama nne za unyevu zilizopangana, zikikauka na kulowa tena kila mvukuto ulipovutwa, pale pale ambapo mtu angeweka vidole.

Harufu ya asumini ikamjia kupitia ule ufa, na muziki ukasimama.

"Somoe," Shaibu akaita toka ndani, kwa sauti ndogo. "Umemwona?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomkata Somoe maini. Alifungua mlango na uso wake ulijaa furaha, furaha ya mtu aliyekuwa na siri tamu akapata wa kumshirikisha.

"Nilidhani ni mimi tu," akanong'ona. "Tangu siku kilipokuja. Ananifundisha. Somoe, mimi nilikuwa nasikia santuri miaka yote hii kama mtu anayekula akiwa na mafua. Sasa ndiyo nasikia."

"Ni nani?"

"Sijamuuliza."

"Unalala na harufu yake kwenye mto, na jina hujamuuliza?"

"Usipaze sauti," Shaibu akasema, akitazama nyuma yake. "Hapendi sauti za wanawake."

Somoe hakusikia la pili. Alimsukuma, akakikamata kinanda kwa mikono miwili ili akitupe uani kama takataka. Alikuwa ameshakiinua aliposikia ubaridi ukimzunguka shingo, ubaridi wa mkono mwembamba uliolowa, haukumkaba kwa nguvu bali ulimpapasa koo kama mama anavyopapasa koo la mtoto mwenye homa, na sikioni mwake, karibu kabisa, sauti ya kike ikasema kwa upole:

"Karibu, bi mdogo."

Kinanda kilimponyoka. Alipofungua kinywa kupiga kelele, sauti haikutoka.

Alibaki kunong'ona tu, siku nyingi. Hospitali walimmulika koo wakasema hawaoni kidonda. Nyumbani chakula alichopika kikawa chumvi tupu mdomoni mwake, ingawa Shaibu alikila na kusifu. Kanga zake alizozikunja vizuri alizikuta zimelowa maji ya bahari, na zimefungwa mafundo madogo madogo ambayo hayakufunguka ila kwa kisu. Shaibu naye alikuwa akikonda. Ghalani walimwandikia barua ya onyo. Mashavu yaliingia ndani, vidole vikawa virefu, na kila adhuhuri kinanda kililia chumba cha mbele, kizuri mno, kizuri kiasi kwamba watu wa mtaani walianza kujitokeza vibarazani kusikiliza, na Somoe, aliyejifunika shuka mpaka kichwani, aliona haya kwa sababu naye alikuwa akisikiliza.

"Twende Mikindani," Helena akasema. "Sauti huna, mimi ninayo."

Walidandia lori la bohari. Bi Zuhura aliwapokea barazani, kikongwe mkavu mwenye macho makavu vilevile. Helena alipomaliza kueleza, mjane yule hakushangaa. Alimtazama Somoe shingoni.

"Amekuita bi mdogo?" akauliza.

Somoe akaitikia kwa kichwa.

"Mimi ameniita hivyo tangu nikiwa mwari mpaka nikaota mvi. Abdulrahmani hakuoa mke mwingine, watu wakanisifu, Zuhura una bahati. Bahati! Nimekaa ukewenza maisha yangu yote na mwanamke nisiyeweza hata kumng'oa nywele. Mume wangu amefia juu ya kigoda kile, mikono juu ya vibao. Nilimkuta anatabasamu. Mimi hakuwahi kunitabasamia vile."

Somoe alijikaza, na mnong'ono ukamtoka kama mchanga. "Ukampa mume wangu kinanda."

"Alikuja kuomba."

"Ulijua."

"Nilijua," Bi Zuhura akasema. "Na nilichoka, mwanangu. Nilitaka nife peke yangu nyumbani mwangu."

Helena akafunua kinywa kumtukana, lakini Somoe akamshika mkono. Alikuwa amemtazama yule kikongwe na kujiona mwenyewe, miaka mingi mbele. Bi Zuhura akawaelekeza Msimbati, huko Mnazi Bay, kwa mganga aitwaye Bi Mwaisha. "Mimi sikwenda kwake," akaongeza, akiinama kuokota punje ya mchele sakafuni. "Niliogopa atakachonidai yule wa ndani."

Bi Mwaisha alikuja na wapigaji ngoma wawili, wanawake wanene wenye vicheko, na Helena akamwendea balozi wa nyumba kumi kuomba ruhusa, akamwambia ni ngoma ya tambiko. Walianza baada ya sala ya adhuhuri. Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizunguka chumba cha mbele mara moja, akanusa, akasema, "Huyu ni wa maji ya Ruvuma. Ni wa zamani sana. Hakuja kwa shari, na hao ndio wagumu kuondoka."

Wakamkalisha Shaibu juu ya mkeka mbele ya kinanda, wakamfunika shuka nyeupe, wakachoma ubani katika chetezo. Ngoma zilianza chini, kisha zikapanda, na moshi ukajaa chumba, na Shaibu chini ya shuka akaanza kutikisika, kwanza mabega, kisha kichwa, kisha mwili mzima ukichezeshwa kama nguo kwenye kamba, na ule mvukuto ambao hakuna aliyeugusa ukaanza kupumua nao, kwa haraka, ukifuata ngoma, kisha ukizitangulia, kisha ukizipotosha, mpaka wale wanawake wanene wakaacha kucheka na jasho likawatoka kwa kuhangaika kuishika mikono yao isiufuate, na harufu ya asumini ikaumeza ubani wote, na maji meusi yenye majani ya mikoko yakaanza kutiririka kutoka chini ya vibao vya kinanda, yakafika kwenye mkeka, yakafika kwenye miguu ya Somoe, nayo yalikuwa ya vuguvugu kama mate.

Ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Mnanifukuza?" ikauliza sauti chini ya shuka. Haikuwa ya Shaibu.

"Tunakuomba utoke kwa heshima," Bi Mwaisha akasema. "Una kwenu."

"Nitatoka. Sikai mahali nisipotakiwa. Lakini nitaondoka na changu."

"Chako kipi?"

"Nilimkuta anasikia kelele, nikampa muziki. Nikitoka, natoka nao. Wote. Mpaka ule aliokuwa nao kabla yangu, maana nimeuchanganya na wangu, hautengeki." Kisha sauti ikaongeza, karibu kwa huruma, "Muulize bi mdogo. Mume ni wake."

Bi Mwaisha alimgeukia Somoe. Miwani yake ilikuwa imefunikwa na ukungu wa moshi. "Umesikia. Sitakuficha, mwanangu. Wakisema watachukua, huchukua. Mumeo hawezi kujijibia sasa. Sema wewe."

Helena alisema baadaye kwamba Somoe hakufikiri hata kidogo. Si kweli. Alifikiri. Alifikiri juu ya kidole kile kilichoinuliwa, na hina iliyofifia mikononi mwake bila kuonwa, na sanduku lenye kufuli. Alifikiri kwamba mtu asiyesikia muziki atakuwa na nafasi ya kumsikia mkewe.

"Aende," akasema. Na neno lile lilimtoka kwa sauti kamili, sauti yake ya zamani, imerudi.

Mvukuto ulichanika kwa mlio wa kitambaa kipya. Shaibu akaanguka kifudifudi. Bi Mwaisha akaondoka na mabaki ya kinanda, akayazamisha pale mto unapomimina maji yake baharini, na harufu ikakoma siku ile ile.

Shaibu alipona. Alinenepa, ghalani wakamsifu, jioni alikaa barazani na mkewe akichambua mchele pamoja naye. Siku aliyoiwasha gramafoni alisikiliza kidogo, akazima, akakunja uso.

"Imeharibika?" Somoe akauliza.

"Sijui. Ni kama mtu anaburuza mabati."

Akajaribu nyingine. Akajaribu zote. Bendi ilipokuja akaenda na mkewe, akakaa kando ya kipaza sauti kama zamani, na kabla ya wimbo wa pili alikuwa ameziba masikio kwa viganja, machozi yakimtiririka, huku watu wakicheza pande zote. Alizigawa santuri zilizobaki. Gramafoni akampa Helena kwa ajili ya mwanawe Josephu.

Sasa alikuwa wa Somoe mzima mzima. Alijibu kila alipoulizwa. Alikula alichopewa. Usemapo naye hakuinua kidole, alikutazama tu, kwa utiifu, kama mtu anayengoja kituoni lori asilojua linakokwenda. Somoe alitia hina, naye akasema, "Umetia hina," kisha akatazama barabara. Somoe alimwongelesha mpaka maneno yakamwishia, na hakuna lililomgusa. Ilimchukua masika nzima kukubali alichokifanya. Alikuwa ametaka kumfukuza mgeni, akafukuza na mwenye nyumba.

Siku moja alimuaga kwamba anakwenda kumwona shangazi yake Mahurunga. Hakwenda Mahurunga, alikwenda Msimbati.

"Mrudishe," akamwambia Bi Mwaisha.

Mganga alikuwa akisuka ukili. Mikono yake ikasimama. "Watu huja kwangu kutolewa, hawaji kurudishiwa. Arudi kwa nani? Kwa mumeo hatarudi. Akishatolewa mahali, hapo pamefungwa."

"Kwangu."

"Unajua unachosema? Wewe unayemwonea wivu kuliko mtu yeyote?"

"Ndiyo maana," Somoe akasema. "Nikimwacha nje, nitamwonea wivu nisipomwona. Akiwa ndani yangu nitajua alipo."

"Na yeye atajua ulipo," Bi Mwaisha akasema. Akaweka ukili chini na kwenda kuwasha makaa.

Somoe alirudi Magomeni kesho yake, mchana, jua likiwa la utosi. Shaibu alikuwa amekaa barazani, mikono mapajani. Walisalimiana. Somoe akapita moja kwa moja uani, akamimina makopa kwenye kinu, akashika mchi. Alitwanga. Kooni palikuwa na ubaridi kidogo, si wa kuumiza. Alipofungua kinywa kuvuta pumzi, wimbo ukatoka, wimbo asioujua, kwa maneno ya Kiswahili cha kale ambayo hakuwahi kufundishwa, na sauti ikapanda juu ya ukuta wa makuti ikavuka mpaka kwa Helena, aliyeacha ufagio wake na kujishika kifua.

Nyayo zikaja kwa mbio. Shaibu alisimama kwenye mlango wa uani, ameshika mwimo. Macho yake yalikuwa hai.

"Endelea," akasema. "Somoe. Nakuomba. Usinyamaze."

Alimsogelea, akapiga magoti kwenye unga uliomwagika, akaweka kichwa chake kwenye tumbo la mkewe kama mtoto. Somoe aliacha kutwanga, lakini wimbo haukuacha. Ilimbidi auume ulimi ndipo apate nafasi ya kusema maneno yake mwenyewe.

"Shaibu. Unamsikiliza nani?"

Shaibu akamwinulia uso.

"Wewe," akasema. "Nani tena?"

Na kooni mwa Somoe, kabla yeye hajaamua kufurahi, mtu mwingine alikuwa ameshacheka.